Chuma cha Kwanza Hakiuzwi

Nilifuta mstari mmoja tu. Kitabu kizima cha kanuni za kupika vitumbua kilikuwa na kurasa thelathini na moja. Nilikiandika kwa wiki tatu, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa shangazi yangu, mtaa wa Kilibula, Uvira, simu mkononi kuangalia saa na daftari magotini. Katika kurasa zote hizo nilifuta mstari mmoja, uliosema: "Chuma cha kwanza cha kila siku hakiuzwi."

Chuma ni kile kikaango kizito chenye mashimo saba ambamo vitumbua vya mchele huiva. Shangazi anavyo vinne. Mafundi wa mjini walivitengeneza kwa kuyeyusha mabaki ya injini mbovu. Kila asubuhi akishawasha makaa kwenye mbabula, vitumbua saba vya kwanza havina bei. Anayepita anakula: mwalimu anayewahi darasa, mama anayeshuka ziwani kununua ndagala, fundi wa baiskeli, hata jirani mmoja ambaye hawajasalimiana vizuri tangu mvua ilipobomoa ukuta kati yao. Akimaliza kutafuna anaulizwa swali moja, "Iko namna gani?", anajibu, anakwenda zake.

Mimi nilitaka sababu. Nyumbani wananitania kwa maneno yangu mwenyewe, "nani amesema?", kwa sababu tangu chuoni nilipofundishwa alifu na bee nimekuwa nikiuliza hivyo, na fimbo za mwalimu hazikuniponya. Basi nilimuuliza shangazi kwa nini chuma cha kwanza hakiuzwi.

"Ndiyo vile," akasema.

"Nani amesema?"

"Mama yangu."

"Na yeye nani alimwambia?"

"Kamuulize kaburini. Ukirudi unipe jibu, hata minye nataka kujua."

Jibu la "ndiyo vile" sijawahi kulikubali. Nilirudi kutoka chuo kikuu Bukavu na shahada ya usimamizi wa biashara na bila kazi, kama wenzangu wote, na nikajiambia kwamba angalau jikoni kwa shangazi hakuna kitu kitakachopita bila maelezo.

Habari ya kupanua biashara ilianzia kwenye mafunzo ya vijana, siku tano katika ukumbi wa bati karibu na barabara kuu, joto la kuoka mkate. Mkufunzi alitoka mbali. Viatu vyake havikushika vumbi, sijui alikuwa anatembea vipi. Ndiye aliyetueleza franshizi. Hufungui tawi, alisema. Unampa mtu mwingine jina lako, kanuni zako na mafunzo yako. Duka ni lake, lakini mteja akila kwake na akila kwako asitambue tofauti.

Nililipenda hilo la mwisho. Huku kwetu mtu akifanikiwa na kitu, jirani anakiiga bila kuaga. Saluni moja ikipata wateja, baada ya mwezi zipo tano mstari mmoja, zote zimepakwa rangi ileile. Nikaona kama lazima tuigwe, basi tuigwe kwa mpango, na sisi wenyewe tuwe ndio tunaofundisha.

Shangazi alinisikiliza huku akigeuza vitumbua kwa kijiti.

"Jina yangu itaenda mahali bila minye?"

"Itaenda na kitabu, shangazi."

"Kitabu iko na mukono?"

Nikaanza kuandika.

Wa kwanza kutaka kutundika kibao chenye jina letu alikuwa mwanamke wa kijiji cha Luberizi, mkulima anayetuletea mchele tangu mimi sijaanza shule. Ni Mkatoliki, rozari shingoni, lugha yake ni Kirundi, na akichoka kutafuta neno la Kiswahili anaweka la kwao na kuendelea. Shangazi humwita mama wa muchele. Siku aliposikia ninaandika kitabu aliketi juu ya gunia lake na kusema:

"Muchele ni yangu. Maziwa unayotia ndani ni ya ng'ombe ya kwetu. Barabara ya Bukavu inapita mbele ya mulango yangu, madereva kila siku bananiuliza chai na kitu ya kutafuna. Juu ya nini muchele itoke kwangu, mpaka Uvira ndiyo ikuwe chakula?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote niliyosikia chuo kikuu. Kaka yake shangazi, ambaye kwangu ni baba mkubwa, hakuona hivyo. Anauza vitenge sokoni na anajua ukoo wetu hadi kwa yule babu aliyefika na misafara ya biashara na kuoa hapa, kando ya ziwa. Aliita kikao cha jamaa sebuleni.

"Haya mapishi yalikuja na wazee wetu," alisema. "Leo mutayapakiza kwenye pikipiki, mugawie batu ya mashamba?"

"Wazee wetu walikuja na mapishi ya nazi, baba mkubwa," nilisema. "Nazi iko wapi?"

Kila mtu pale anajua kwamba nazi ya kutosha haikupatikana, na bibi mmoja wa zamani akatia maziwa badala yake. Nikaendelea, maana nikishaanza sijui breki. Maziwa ya nani? Mchele wa nani? Hiliki inavuka mpaka wa Kavimvira ndani ya kikapu cha nani? Tukirudisha kila kitu kwa mwenyewe, sisi tutabaki na mashimo ya chuma.

"Inivasite imekufundisha kugombana na wazee," alisema baba mkubwa.

"Hapana. Hiyo nilikwenda nayo."

Mtu mmoja alicheka, nadhani alikuwa shangazi, kwa sababu ndiye aliyekohoa baadaye. Kisha akaamua.

"Tujaribu. Masoko mawili. Batu ya Luberizi bakikataa, tunashusha kibao, na weye usiniletee tena muntu wala kitabu."

Luberizi soko kubwa ni mara moja kwa juma. Masoko mawili maana yake majuma mawili. Mama wa mchele alikwisha toboa ukuta wa chumba chake cha mbele upate kuwa dirisha la duka, na ile nafasi yake ya kuuza maziwa sokoni, aliyoipigania miaka, alikwisha mwachia wifi yake. Kibao kikishuka, hakuwa na pa kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia atoboe.

Kabla ya kumkabidhi kitabu nilimpelekea mkufunzi akisome. Alikisifu. Alisema ni mara ya kwanza kuona uji wa vitumbua umepimwa kwa dakika. Halafu akachukua kalamu nyekundu.

"Saba kila siku, mara maduka kumi, mara mwaka mzima! Hii ni sadaka. Sadaka haiandikwi kwenye kanuni za biashara. Ondoa, ndipo faili lipite mbele ya wakaguzi wetu."

Wakaguzi wangelipitisha, tungepata cheti na mashine ya kusaga. Nilifikiri kwa muda wa kumeza mate, nikafuta. Mimi ambaye shangazi hawezi kuniambia jua limechomoza bila kuulizwa nani amesema, sikumuuliza yule bwana chochote. Alikuwa na kalamu nyekundu, na mimi nilikwisha kuutilia shaka mstari wenyewe kabla yake. Shaka yangu na kalamu yake zikakutana, nikaita hiyo akili.

Soko la kwanza sikwenda. Nilitaka kuthibitisha kwamba kitabu kinatosha, kwamba kinaweza kufanya kazi bila mkono wa mtu wa kwetu. Mchana simu ililia.

"Njoo uone," alisema mama wa mchele, akakata.

Kesho yake nilifika kwa pikipiki. Alikuwa amenitunzia vitumbua vitano kwenye sahani, vimelala kama ndala zilizokanyagwa na lori. Nje vilikuwa vimeungua kidogo, ndani gundi. Wateja wa kwanza walilipa, wakauma, wakarudi dirishani kudai. Kufika saa tatu soko zima lilikuwa na wimbo mmoja: "Bitumbura bya kitabu! Si heri tungekula kitabu yenyewe!"

Nilifungua kitabu nikaanza kumtafutia kosa. Mchele vikombe vingapi? Vingapi vilivyoandikwa. Maziwa? Kama ilivyoandikwa. Hamira, hiliki, muda wa kuumuka, makaa? Yote sawasawa. Alikuwa hata amekata kipande cha mti chenye urefu niliouandika, apate kupima uji unapanda kiasi gani kwenye ndoo. Saa nzima nilimtafutia kosa, nikalikosa.

"Kuloweka?" niliuliza mwisho.

"Masaa kumi na mbili. Niliweka kengele kwa simu."

"Na uji ulipotoka kwenye kinu, hukuona kitu?"

"Niliona. Ilikuwa nyepesi, inanata. Muchele ilikuwa imelainika zamani."

"Sasa mbona uliendelea? Wewe unalima mchele maisha yako yote!"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa na sasa anauliza yamekwenda wapi.

"Kitabu imesema masaa kumi na mbili. Nani amesema mulimaji anajua kupita kitabu? Weye haukuandika."

Nilirudi Kilibula na vile vitumbua ndani ya mfuko. Baba mkubwa alikuwa amekwisha fika, maana habari mbaya haihitaji nauli. Aliinua kimoja, akakiachia kianguke kwenye sahani, kikatoa sauti ya tope.

"Nilisema," akasema. Alikuwa amekaa akingojea kusema neno hilo tu.

Shangazi hakusema "nilisema". Alivunja kimoja, akakinusa, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Chuma ya kwanza. Balikula bakasema nini?"

Nikaanza kuukunja ule mfuko.

"Nakuuliza weye."

"Hakikugawiwa. Kiliuzwa."

"Juu ya nini?"

"Niliufuta ule mstari. Mkufunzi alisema ni hasara."

"Nani amesema?"

Baba mkubwa alicheka mpaka akavua kofia. Shangazi hakucheka.

"Sikia," alisema. "Muntu mwenye amelipa, akikuta kitumbua kibaya atagombana na weye. Mwenye amekula bure anakwambia tu: mama, leo iko na maji, leo chumvi. Hana kitu ya kudai. Minye nasikiliza, natengeneza ndoo, ndiyo nauza. Unafikiri nagawiaka batu bure? Banafanya kazi yangu."

"Mbona hukunieleza hivyo nilipokuuliza?"

"Sikuwa najua kama iko hivyo. Nimejua saa hii, nikiona hii matope."

Ndipo akauliza mchele ule ulivunwa lini. Nikasema haujamaliza mwezi. Akapiga kofi paja lake. Mchele ukishafika Kilibula hukaa kwenye magunia miezi na miezi kabla haujafika kwenye kinu chake. Ni mkavu, unahitaji kulala majini usiku kucha. Ule wa Luberizi ulikuwa bado una unyevu wa shamba.

"Basi unajuaje ni masaa mangapi?" niliuliza.

"Minye nahesabuka masaa? Naumaka."

Akauma kwa meno ya mbele kitu kisichokuwepo, tk, na hapo nikamwona. Wiki tatu nilikaa jikoni mle, macho kwenye simu, na kila asubuhi kabla ya kutwanga alichukua punje moja kutoka kwenye sufuria, akaiuma, akatema. Niliona. Nilidhani ana njaa. Niliandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na katikati ya hizo saa mbili kulikuwa na meno yake, nikayaacha nje ya kitabu.

Siku moja kabla ya soko la pili, shangazi alivaa kanga yake nzuri akasema tunakwenda Luberizi. Baba mkubwa alisema mwanamke wa umri wake hawezi kufuata vitumbua barabarani. Akamjibu kwamba vitumbua ndivyo vilivyomfuata yeye maisha yote, sasa ni zamu yake. Tulikodi pikipiki mbili. Baada ya vizuizi vya barabarani alimwambia dereva wake asimame, akashuka, akatazama mashamba ya mpunga kwa muda mrefu, maji na kijani mpaka miguuni mwa milima. Miaka yote hiyo alikuwa akiona magunia tu.

"Kumbe ni mingi hivi," akasema, akapanda tena.

Tulikuwa bado tunanawa miguu kwa mama wa mchele wakati mkufunzi alipopiga. Alisema faili linafungwa leo, nitume kitabu cha mwisho. Nilikwisha kukiandika upya. Mstari niliokuwa nimeufuta sasa ulikuwa peke yake juu ya ukurasa wa kwanza, na pale palipokuwa na masaa kumi na mbili niliandika: uma punje, ikikatika bila sauti, mchele uko tayari. Nilimtumia kwa simu. Haikupita robo saa akapiga tena.

"Umerudisha sadaka. Na hii ya kuuma, hiki si kipimo. Kila duka litaloweka kwa saa zake! Franshizi ni kitu kimoja kila mahali."

"Mwenyewe ulisema mteja asitambue tofauti," nilisema. "Saa zilezile zilitoa chakula tofauti. Labda saa tofauti zitatoa chakula kilekile."

"Labda? Umejaribu?"

"Kesho."

"Kesho faili limefungwa. Weka kitabu cha zamani, upate cheti, halafu huko jikoni mfanye mnavyotaka. Kila mtu anafanya hivyo."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kwamba alijua karatasi ingesema kitu kimoja na jiko lingefanya kingine, na kwake hilo halikuwa tatizo. Nilimwambia hapana. Alisema ninagombana na utaratibu. Nikasema ndiyo. Nilipokata simu sikuwa na uthibitisho hata wa kitumbua kimoja. Mama wa mchele alikuwa amesikia yote.

"Mashine imekwenda?" aliuliza.

"Imekwenda."

"Oya, acha iende. Kinu iko."

Mama wa mchele aliuloweka mchele baada ya chakula cha jioni, na kabla ya kulala akauma. Tk. Akaamka, akauma. Alipoamka tena hakusikia sauti; akamwaga maji, akatandaza mchele kwenye ungo, akalala. Alfajiri tulimkuta ametangulia kutwanga.

Jua lilipotoka, barabara ilikuwa imejaa ng'ombe, malori na akina mama wenye vikapu. Shangazi alipewa kiti kando ya mbabula. Alipoona uji unamiminwa alinyanyuka kidogo, akajizuia, kisha akaingiza viganja vyake viwili chini ya mapaja, akavikalia. Alikaa hivyo asubuhi nzima. Mama wa mchele alimwona, akatabasamu, akaendelea kumimina.

Vitumbua saba vya kwanza vilitoka. Aliviweka kwenye sahani, akasimama dirishani.

"Bure! Mukuje!"

"Bya kitabu?" aliuliza mama mmoja kwa mbali. "Hata bure nakataa!"

Dereva wa lori ndiye aliyekuja kwanza, maana madereva hawaogopi kitu. Akafuata mzee mwenye fimbo ya ng'ombe, halafu wanafunzi wa kike wawili, halafu yule mama aliyekataa.

"Iko namna gani?" aliuliza mama wa mchele. Lilikuwa swali la shangazi, kwa sauti ya Luberizi.

"Iko vizuri," alisema dereva.

"Iko vizuri sana," wakasema wanafunzi.

Mzee alitafuna bila haraka. "Juu, ndiyo. Ndani bado inashika meno kidogo."

Niliona bega la shangazi likishtuka. Mikono haikutoka. Mama wa mchele alimtazama mzee, akatazama ndoo, hakutazama kitabu, wala sisi. Alichukua unga wa mchele mkavu, viganja viwili, akakoroga, akafunika ndoo kwa kanga, akawaambia watu dirishani wangoje. Walinung'unika. Tulingoja. Kitabu changu hakikusema viganja viwili, na nilikuwa na hakika, kwa dakika zote zile, kwamba nimeharibu maisha ya mtu kwa kujua kusoma.

Chuma cha pili kilipoinuliwa, vitumbua vilikuwa vimevimba mgongo, kahawia pembeni, vyeupe kileleni. Alimpa mzee mwenye fimbo nusu ya kitumbua. Mzee alikula, akatoa mfuko wake kiunoni akanunua vinne vya nyumbani. Alimpa shangazi nusu nyingine mdomoni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado imekaliwa. Shangazi alifumba macho.

"Sasa?" niliuliza.

"Kibao kibaki," alisema akiwa bado anatafuna.

Mstari wa watu ulifika barabarani. Mama wa mchele aliuza vyuma sita bila kupumua, kisha akafuta mikono, akanyoosha kiganja kwangu. Nilidhani anataka maji.

"Kalamu," alisema.

Aliandika ukurasa wa ishirini, pembeni, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule ya misheni: mchele mpya, ulowe muda mfupi, na unga mkavu uwe karibu. Mafuta ya vidole vyake yaliingia mpaka ukurasa wa ishirini na mbili.

"Ameandika nini?" aliuliza shangazi.

Nikamsomea.

"Muntu wa Kavimvira akikuja kuomba kibao, mumpe hiki chenye mafuta," alisema. "Kile kisafi cha masaa kumi na mbili mukichome."

Njaa ilikuwa imeniuma tangu alfajiri. Nilinyoosha mkono kwenye sahani, na mama wa mchele akanipiga kofi la vidole, mbele ya soko lote.

"Ya bure imeisha," alisema. "Weye ndiyo uliandika. Hii unalipa."

Nililipa.